Ibara ya 118 na vidonge vya buku

Kwenye Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna ibara ya 118, inahusu afya. Kipengele chake cha kwanza kinasema nchi wanachama zitachukua hatua za pamoja kuzuia na kudhibiti magonjwa ya kuambukiza na yasiyo ya kuambukiza. Mkataba huo ulisainiwa hapahapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na Mkapa, Moi na Museveni. Yaani 1999, kipindi ambacho ukifungua redio ni ukimwi na malaria, na ilikuwa haki iwe hivyo maana watu walikuwa wanakwisha, kuna watu walikaa mezani wakakumbuka pia presha, kisukari, saratani, moyo na pumu. Wakaandika, marais wakasaini. Mimi kila nikiisoma hiyo ibara naona ni deni, wadai ni sisi wananchi, na mdaiwa ofisi zake ziko mjini kwetu.

Nafanya kazi famasi, upande wa Sakina, barabara ya kwenda Namanga. Ukiniuliza ni ugonjwa gani unaleta watu wengi kaunta nitakwambia presha, halafu sukari, halafu vidonda vya tumbo. Ila wingi wao sio kitu kinachonisumbua sana, kinachonisumbua ni wanavyonunua. Mama anatoka soko la Kilombero na beseni lake, anaweka noti ya elfu moja juu ya kaunta: "Mwanangu nipimie vya buku." Vya buku ni vidonge vya siku chache tu. Anajua vizuri kabisa daktari alimwambia kila siku, bila kuruka, maisha yake yote. Hajasahau na wala hapuuzi, hela ndo hana, na leo bado hajanunua unga. Kuna mzee mwingine, mwalimu mstaafu, nikishamwamkia shikamoo anainama kidogo anauliza kwa sauti ya chini ili wa nyuma yake wasisikie, "Hivi nikimeza leo nikaruka kesho, haina shida eti?" Namwambia baba ina shida, presha haipumziki siku usiyomeza dawa. Anatikisa kichwa kwamba ameelewa, halafu ananunua zilezile za kuruka siku.

Na vijana sasa. Dereva wa boda, hata thelathini na tano hajafika, kapimwa kwenye kambi ya afya ya kanisani wakamwambia iko juu sana, anakuja anataka dawa ya kuishusha leo hiihii kwa sababu hana dalili yoyote na haoni kwa nini iwe habari ya maisha yote. Mtu wa umri huo ukimwambia utameza mpaka uzeeni anakuangalia kama umemhukumu kifungo. Atameza karatasi moja ya vidonge, akijisikia vizuri anaacha. Na atajisikia vizuri kwa miaka, ndo ubaya wa presha.

Najua watakaosoma hapa kuna wanaowaza kwamba haya magonjwa ni ya kujitakia. Wale vizuri, watembee, wapunguze chumvi, waache pombe, basi. Nimelisikia hilo harusini, msibani, kwenye vifodi, yaani daladala za huku, hata kwa wahudumu wenzangu, na kwa kweli linanikera kuliko kitu kingine chochote kwenye mada hii. Linakera kwa sababu lina ukweli nusu. Ndiyo, chumvi ipunguzwe, Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyote ulivyokula, pamoja na iliyoko kwenye mkate na kwenye supu ya asubuhi. Sasa niambie mtu anayekula mchana kwa mama ntilie atapimaje hiyo gramu? Soda ya chupa ina sukari zaidi ya gramu 30, na kwa Mangi soda ipo muda wote na inapatikana baridi, na bango lake ndo limebeba jina la duka. Sigara inauzwa mojamoja hadi nje ya shule. Mwambie mama wa Unga Limited akimbie jioni, akimbilie wapi, kwenye barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu na pikipiki zinapita pande zote mbili? Moshi wa mkaa na kuni ameuvuta tangu utoto wake akiwa mgongoni kwa mama yake jikoni, huo nao alijitakia?

Mtu anachagua, sawa, ila anachagua kwenye vile alivyowekewa mezani. Na anayepanga meza ni sera: kodi, viwango, lebo, matangazo, bima, dawa gani zinanunuliwa na nani analipa. Kazi ya kuzuia haya magonjwa sehemu kubwa iko hapo, na hapo ndipo sisi wagonjwa na ndugu wa wagonjwa hatupo kabisa.

Mimi kwetu ni Machame, wilaya ya Hai, na hii habari ya Hai naomba niielezee vizuri maana wengi hata wa kwetu hawaijui. Kuanzia 1992 hadi 2004 kulikuwa na mradi wa Wizara ya Afya ukishirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ulifanyika maeneo matatu, Hai, Morogoro vijijini na Dar es Salaam. Walikuwa wanahesabu watu nyumba kwa nyumba, na palipotokea msiba walirudi baadaye kuwahoji wafiwa: aliugua nini, alianzaje, mkono uliishiwa nguvu, mdomo ulipinda, alikuwa anatumia dawa gani. Kwa njia hiyo wakajua watu wazima wanakufa na nini, hata wale waliofia nyumbani bila kuonwa na daktari. Walichokuta ni kwamba vifo vya kiharusi kwa watu wa umri wa kufanya kazi, yaani chini ya miaka 65, vilikuwa juu sana kuliko Uingereza na Wales. Sio Dar peke yake, hata Hai vijijini kwenye migomba. Matokeo yakachapishwa mwaka 2000.

Na kwenye kazi hiyohiyo ya miaka ya tisini walipima presha watu wa Ilala pale Dar na watu wa Shari, huku kwetu Machame. Katika waliokutwa na presha, hawakufika asilimia 20 waliokuwa wanajua wanayo. Waliokuwa kwenye dawa ni kama asilimia 10. Na ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa kweli hawakufika hata asilimia 1! Soma tena hapo. Katika kila watu mia moja wenye presha, mmoja hakamiliki.

Miaka hiyohiyo kwetu shangazi yangu alipooza upande mmoja, ukoo mzima ukajua katupiwa kitu. Kuna jirani aliacha kusalimiwa kwa ajili hiyo. Hakuna mtu katika ukoo aliyesema neno presha, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewahi kupimwa, na wakati huohuo kwenye makaratasi ya watafiti kijiji chetu na vya jirani tayari vilikuwa vimeshaandikwa. Sina ugomvi na watafiti, walifanya kazi kubwa na nchi ilizitumia takwimu zao. Ninachosema ni kwamba taarifa ilikuwepo na sisi wenyewe tuliotoa majibu hatukuwa na chombo cha kuibeba kwenda nayo popote.

Kisukari nacho kina historia yake. Miaka ya themanini Profesa McLarty pamoja na kina Profesa Swai na wenzao walipima vijiji sita vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, wakachapisha 1989: wenye kisukari asilimia 0.87. Hata mtu mmoja kwa mia hafiki. Mwaka 2012 ukafanyika utafiti wa nchi nzima kwa watu wa miaka 25 hadi 64, kisukari asilimia 9.1, na presha karibu asilimia 26, mtu mmoja kwa kila wanne. Umri waliopima sio uleule na wa mwanzo ulikuwa wa vijijini tu kwa hiyo usiziweke mizani moja kwa moja, lakini tofauti hiyo sio ya kusema ni vipimo tu. Figo je? Watafiti waliofanya kazi Moshi wakachapisha 2015 walikuta ugonjwa sugu wa figo kwa watu wazima ni asilimia 2 vijijini na asilimia 15 mjini. Moshi mjini, mji ambao ukiuzunguka kwa mguu asubuhi mpaka saa nne umeshamaliza.

Sasa linganisha na ukimwi, na nalinganisha kwa heshima zote maana wale watu wametufundisha. Tangu 2004 dawa za kupunguza makali zinatolewa bure hapa Tanzania. Mtu ana kadi yake ya CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na virusi, ana tarehe yake, asipoonekana kuna mtu anampigia simu au anamfuata nyumbani. Kaunta kwangu hajawahi kuja mtu kuomba ARV za buku. Hii haikuletwa na huruma tu. Watu wanaoishi na virusi, duniani kote na hapa nyumbani, walisimama hadharani wakati kusimama kulikuwa kunakutenga na ukoo, wakadai bei ishuke, wakadai kukaa kwenye vikao vinavyowahusu, na mwaka 2001 Umoja wa Mataifa ukaitisha kikao kizima kwa ajili yao. Presha haina unyanyapaa wa namna ile lakini pia haina watu waliosimama. Mtu mwenye presha ni mteja, anakuja mmojammoja, ananunua, anaondoka.

Na hela za misaada zinaonyesha hilohilo. Haya magonjwa mwaka 2021 yaliua watu wasiopungua milioni 43 duniani, milioni 18 kati yao hawakufika miaka 70, na katika hao waliokufa mapema asilimia 82 ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani sisi. Lakini katika misaada ya afya inayokuja nchi zetu, sehemu inayokwenda kwenye haya magonjwa ni asilimia 1 hadi 2. Miaka yote ni hapohapo. Kwa hiyo kusubiri mfadhili atukumbuke ni kusubiri mvua ya Agosti.

Kuna watu wadogo walishawahi kuisukuma dunia, na hadithi yao naipenda sana. Visiwa vya Karibiani. Septemba 2007 wakuu wa nchi za jumuiya yao, CARICOM, walikutana Port of Spain kule Trinidad na Tobago kwa kikao cha magonjwa yasiyoambukiza tu, hakuna ajenda nyingine. Wakatoa tamko lao. Hizi ni nchi ambazo nyingine watu wake wote ukiwakusanya hawafiki wa jiji la Arusha, lakini wana jumuiya, wanasema kwa sauti moja, wakatoka pale wakaenda Umoja wa Mataifa wakang'ang'ana mpaka Septemba 2011 ukafanyika mkutano wa kwanza wa ngazi ya juu New York kuhusu haya magonjwa. Miezi tisa kabla ya tamko lao, Bangladesh nayo ilikuwa imeongoza mpaka Umoja wa Mataifa ukapitisha azimio la kisukari, Desemba 2006, ndo maana leo 14 Novemba ni siku ya Umoja wa Mataifa. Bangladesh! Sio Marekani, sio Uingereza.

Baada ya 2011 ikaja 2014, ikaja 2018, na Septemba 2025 mkutano wa nne. Huu wa nne niliufuatilia kwa karibu na uliniumiza. Rasimu za mwanzo zilikuwa na kodi ya vinywaji vyenye sukari, imeandikwa wazi. Kadri mazungumzo yalivyoendelea ikalegezwa, mwisho ikaondoka. Mezani walikuwepo wanaofikiria afya na walikuwepo wanaofikiria mauzo, na wenye mauzo wana watu wa kuwasemea kila siku ya mwaka. Hata baada ya kulegezwa hivyo Marekani ikalikataa azimio palepale, halikupita kwa maafikiano, ikabidi lipigiwe kura Desemba, nchi 175 zikakubali na mbili zikapinga. Kilichobaki kina mambo mazuri pia, sikatai: ifikapo 2030 watu milioni 150 zaidi presha zao ziwe zimedhibitiwa, wanaotumia tumbaku wapungue kwa milioni 150, na milioni 150 zaidi wapate huduma ya afya ya akili. Dunia ina watu kama bilioni 1.4 wenye presha na aliyeidhibiti ni kama mmoja kwa watano, kwa hiyo hiyo milioni 150 sio ndogo wala sio kubwa, ni kitu cha kushikia.

Lakini azimio la New York halishushi bei ya kidonge Sakina. Lazima lipite kwenye sheria zetu, na hapa ndo narudi kwa Jumuiya.

Watu huniuliza kwa nini EAC, kwa nini nisiseme na Dodoma. Dodoma tunasema nayo na kuna mambo imefanya, nitayataja. Ila mimi nimekaa barabara ya Namanga, naona malori. Sigara, pombe kali, juisi za unga, mafuta ya kula, vyote vinapita Namanga na Holili kwenda na kurudi, ndo soko la pamoja na ndilo tulilolitaka. Sasa Tanzania ikipandisha kodi ya sigara peke yake wiki hiyohiyo utasikia hoja ileile: tutaua viwanda vyetu, za magendo zitajaa kutoka ng'ambo ya mpaka. Kenya ikitaka kupandisha wataambiwa hivyohivyo kuhusu Tanzania na Uganda. Kila nchi inatishiwa kwa jina la jirani yake. Nchi nane zikipandisha pamoja hoja hiyo inakosa pa kusimama, na Shirika la Afya Duniani tangu Julai 2025 linahimiza kitu hichohicho, bei halisi ya tumbaku, pombe na vinywaji vya sukari ipande angalau kwa asilimia 50 ifikapo 2035.

Na kodi inafanya kazi, hii sio nadharia. Mexico waliweka peso moja kwa lita ya kinywaji cha sukari Januari 2014, mwaka huo ununuzi ukashuka kwa asilimia 6 hivi na kufika Desemba ulikuwa umeshuka asilimia 12. Afrika Kusini wakaanza Aprili 2018, sukari ambayo watu walikuwa wanainunua kupitia vinywaji hivyo ikapungua kwa kama theluthi moja, sehemu kwa sababu watu walinunua kidogo, na sehemu kwa sababu viwanda vyenyewe vilipunguza sukari ili kukwepa kodi. Hapo ndo utaona utamu wa sera: mtu hakuhubiriwa, hakukatazwa, hata soda yenyewe ilibadilishwa. Ufilipino wao 2012 walipandisha kodi ya sigara na pombe na sehemu kubwa ya hela wakaipeleka kwenye bima ya afya ya watu maskini. Sisi Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tunayo tangu 2023, na swali la kila siku ni itagharamiwa na nini. Mimi jibu langu ni hilo, kwa sehemu kubwa.

Viwango navyo. Jumuiya ina utaratibu wa viwango vya pamoja vya vyakula, unga wa kuongezewa virutubisho, mafuta, na kadhalika. Kwa hiyo mlango upo wa kuweka kikomo cha chumvi kwenye mkate, kikomo cha mafuta mabaya yale yaliyogandishwa kiwandani, ambayo Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi gramu 2 kwa kila gramu 100 za mafuta, na lebo ya mbele inayosomeka na mtu ambaye hana miwani. Chile tangu 2016 wanaweka alama nyeusi ya pembe nane, sukari nyingi, chumvi nyingi, mtoto wa darasa la pili anaelewa. Huku kwetu maandishi yako nyuma, madogo, mara nyingi kwa lugha ambayo mama wa Kilombero haisomi.

Halafu dawa, hapa ndo kwenye moyo wangu. Machi 2012 hapahapa Arusha ulizinduliwa mpango wa Jumuiya wa kuoanisha usajili wa dawa, ili dawa ikaguliwe kwa pamoja badala ya kila nchi kivyake. Mpango mzuri sana, mtu wa famasi anaelewa maana yake. Lakini kukagua pamoja ni nusu ya safari, nusu ya pili ni kununua pamoja. Nchi za Amerika, hao Karibiani wakiwemo, wana mfuko wao wa kununulia dawa kwa pamoja tangu 2000, na dawa za presha zimo. Dawa ninazozungumzia hapa sio za ajabu, amlodipini, losatani, haidroklorothiazaidi, metfomini, zote hataza zake zilishaisha zamani, kiwandani ni bei ndogo sana. Anayemfanya mama anunue vya buku ni mlolongo wa katikati, na ununuzi mdogomdogo wa kila mtu na lake. Nchi nane zikienda sokoni na oda moja muuzaji atasikiliza.

Jumuiya haijakaa bure, niseme na hilo. Ipo mipango ya vituo vya umahiri, figo na mkojo Kenya, saratani Uganda, moyo na mishipa Tanzania, lishe Burundi, na tunahitaji hao wataalamu. Lakini angalia vyote vinakutana na mtu akiwa ameshafika wapi. Figo imeshakufa, moyo umeshapanuka. Kituo cha umahiri hakimuoni dereva wa boda mwenye presha asiye na dalili.

Nyumbani nilisema nitataja. Machi mosi 2017 serikali ilipiga marufuku pombe za viroba. Mnakumbuka kelele? Kwamba watu watakosa ajira, kwamba haitekelezeki, kwamba wanywaji watahamia kwingine. Mimi ninachokumbuka ni vile vipakiti vilivyokuwa vimetapakaa stendi zote, na vijana saa mbili asubuhi wameshalewa kwa mia tano. Pombe bado ipo, Uchagani hatuwezi kujidanganya kwa hilo, mbege ni ya mila na ina heshima yake lakini pombe kali ya bei ya pipi haikuwa mila ya mtu yeyote. Ilichukua tangazo la Februari na tarehe ya Machi. Kumbe inawezekana, kwa wiki chache, serikali ikiamua.

Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, hiyo Kilimanjaro tulikuwa wa kwanza, majaribio yalianzia mkoani kwetu 2014, nchi nzima ikafuata Aprili 2018, na tangu 2024 msichana anachomwa dozi moja tu. Mpango wa taifa wa magonjwa yasiyoambukiza ulizinduliwa Novemba 2019 na kila Novemba tunapata wiki yake. Mei 2024 ukaja mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, wengi wanauona ni wa misitu ila mimi nauona ni wa mapafu. Na tuna TANCDA, shirikisho la vyama vya haya magonjwa, na kuna muungano wa vyama vya Afrika Mashariki yote. Watu wa kubeba sauti wapo. Kinachopungua ni sauti yenyewe, na ni yetu.

Naogopa kitu kimoja kinakuja. AFCON 2027 iko kwetu, Kenya na Uganda, uwanja unajengwa hapa Arusha, na mimi ni mtu wa mpira nitakwenda. Lakini mashindano makubwa ndo msimu wa mabango. Soda, bia, kubeti, kila kona, fulana za watoto, na miezi ile tutazalisha wateja wangu wa miaka ishirini ijayo. Nchi tatu wenyeji, zote za Jumuiya, zinaweza kukubaliana sasa hivi, kabla mikataba ya matangazo haijajaa, kwamba karibu na shule na kwenye shughuli za watoto hakuna tangazo la pombe wala la vinywaji vya sukari. Haihitaji hospitali wala mfadhili.

Hela zitatoka wapi, utauliza, na ni swali la haki. Kodi niliyoitaja italeta. Lakini pia tayari tunalipa, tunalipa vibaya tu: tunachangishana kwenye magrupu ya WhatsApp kusafisha figo za baba wa mtu, mtoto anarudishwa nyumbani shule kwa ada, shamba la kihamba linauzwa nusu, kisha tunachangishana tena jeneza. Kidonge cha kila siku ni rahisi kuliko hayo yote na kila anayekaa famasi anaijua hesabu hiyo.

Sasa tunafanya nini. Kuna kikundi kidogo cha wagonjwa wa presha na sukari, kilianza tu kwa watu kukutana benchi la kliniki na kubadilishana namba, wengine Arusha, wengine Moshi na Boma Ng'ombe. Yule mwalimu mstaafu yumo, na ndiye tuliyempa kuandika kwa sababu Kiswahili chake ni cha kuheshimika. Tunaandika barua kwa wabunge wa Tanzania kwenye EALA, yaani Bunge la Afrika Mashariki, wako tisa, Bunge lao liko hapa Arusha na muhula wao unaisha 2027, na wanaowachagua ni wabunge wetu wa Dodoma, kwa hiyo nakala itakwenda kwa wabunge wa majimbo pia. Barua inaanza na ibara ya 118. Inaomba mambo mawili tu, tumeyapunguza makusudi baada ya kubishana sana: dawa za msingi za presha na kisukari zinunuliwe kwa pamoja, na kodi ya tumbaku, pombe na vinywaji vya sukari ipandishwe kwa pamoja huku sehemu yake ikitengwa kwa dawa hizo. Kila anayesaini anaandika chini ya jina lake sentensi moja, ametumia dawa gani mwezi uliopita na siku ngapi alikosa. Mama wa Kilombero ameshasaini, aliandika mwenyewe, na wenzake wa pale sokoni wanazijaza karatasi walizochukua.

Wenye ndugu Nairobi, Kampala, Kigali, Bujumbura, hata Juba, Goma na Mogadishu, tunaomba waandike kwa wabunge wao tisa vilevile, maneno yaleyale. Nakala ya barua ukiitaka pitia famasi yoyote utakayoona karatasi yake imebandikwa kaunta kati ya Sakina na Boma, au uliza benchi la kliniki siku ya sukari, utaipata.